Vumbi la Gumegume

Jumapili, 2 Machi

Nimehamia kwa dada leo. Nimekuja na begi la nguo, sufuria moja ninayoiamini na mto wangu, kwa sababu mito ya watu hunikakamaza shingo. Dada kanipokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Mto? Kwani umesikia hapa tunalalia matofali?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika fremu ya mlango mpaka kikamwachia. "Baridi hii," akasema. Wala hakukuwa na baridi.

Niandike kwa nini niko hapa, ili siku nikianza kulalamika nijisute mwenyewe. Bekari niliyoifanyia kazi tangu usichana imefungwa, na mikono yangu haijui kukaa bure. Halafu kuna kifua cha dada, kinamsumbua kila msimu wa mvua na kila mwaka kinazidi, anahitaji mtu wa kumsaidia nyumbani. Na jingine ambalo sijamwambia mtu ila shemeji: nataka kujifunza kazi yake. Shemeji hutengeneza zana za mawe, visu, mashoka na vichwa vya mishale, vile vile walivyofanya watu wa kale, kwa kupiga jiwe kwa jiwe. Makumbusho huzichukua ili wanafunzi wazishike mikononi na zile za kweli zibaki kabatini. Watu humcheka. Mimi mwaka jana nilimwona akitoa kisu kutoka kwenye jiwe bovu bovu, akanyolea nacho vinyweleo vya mkono. Tangu siku hiyo nikikanda unga nawaza jiwe.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza, uani. Shemeji kanikalisha kwenye kigoda, kanitandikia ngozi mapajani, kanipa jiwe la gumegume, lile gumu la kutoa cheche, la ukubwa wa mkate mdogo na jingine la mviringo la kupigia, ambalo yeye huliita nyundo.

"Usipige, shemeji. Lisikilize kwanza."

Akaligonga kidogo. Jiwe zima hulia. Lenye ufa huguna. Mpaka hapo nilikuwa mwanafunzi hodari. Nilipoanza kupiga nikavunja kila kitu isipokuwa nilichotakiwa kuvunja, kikiwemo kidole gumba changu. Dada akatoka na bakuli la maji ya chumvi.

"Mikate haikuwahi kukung'ata hivyo, mdogo wangu."

Jumatano, 5 Machi

Kidole kimevimba. Nimevunja tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoa kibanzi! Chembamba, kipana kama kucha, kina makali pande zote. Nilipiga kelele mpaka dada akatoka mbio akidhani nimejikata.

Siri ni pembe ya jiwe. Hupigi katikati, unapiga ukingoni, na nguvu ya pigo hupita kwa chini, upande usiouona. Kibanzi huachia kule kule gizani, wewe unasikia tu mlio kisha unakipokea mkononi. "Lazima uuamini upande usiouona," shemeji anasema. Ana subira ya ajabu. Sijamsikia akipandisha sauti hata mara moja.

Kabla ya kupiga, unausugua ukingo kwa jiwe la kukwaruza ili usimeguke. Kusugua huko ndiko kunakotoa vumbi, jeupe, laini kuliko unga uliochekechwa mara mbili. Shemeji akianza kusugua hujifunga kitambaa chenye maji puani na mdomoni. Nikamwomba na mimi changu.

"Wewe bado. Kitambaa kinabana masikio, na mwanafunzi anafanya kazi kwa masikio."

Sikubisha. Vumbi halinitishi. Nimekula unga miaka yote hiyo na bado napanda ngazi bila kuhema.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza kwa fujo. Uani pamekuwa bwawa. Tumehamishia kazi ndani, kwenye stoo. Stoo imepakana na chumba cha kulala, na ukuta wa katikati haufiki juu, umeishia karibu na dari. Nadhani mwashi aliishiwa matofali, au akili. Ila ukuta huo una faida yake: dada akiwa amejilaza upande wa pili anatusikia, na tunapiga soga watatu huku mvua inapiga bati. Leo kashinda anatusimulia habari za jirani aliyemwoza binti yake kwa mganga wa meno, mpaka shemeji akakosea pigo kwa kucheka.

Nimeifurahia siku hii kuliko zote.

Alhamisi, 13 Machi

Usiku dada hakulala vizuri. Upepo unaingia kila mahali. Leo nimeifanyia nyumba hii kazi ya maana: nimekata mashuka ya zamani vipande vipande, nikaziba nyufa za madirisha yote, nikaweka gunia chini ya mlango wa nyuma. Bekari tulifanya vivyo hivyo ili unga uumuke. Sasa hata mshumaa hautikisiki. Shemeji kanishukuru mpaka nikaona haya. Yeye mwenyewe kamchemshia mkewe maji ya kuoga na kumfikishia bafuni. Mimi ambaye sikuolewa, kwa sababu niliowaona wote walikuwa wa kuamrisha tu, nimemtazama mwanamume huyu nikasema moyoni, kumbe wapo.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Vibanzi vitano vizuri, kimoja kirefu kama kidole cha kati. Dada kakohoa mchana kutwa.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi nilimwekea dada glasi ya maji pembeni ya kitanda. Mchana nimekuta juu yake utando mwembamba, kama wa maziwa yaliyopoa. Nikayamwaga, nikaweka mengine, nikaifunika glasi kwa kisahani.

Mimi na dada tumegombana kidogo juu ya mashati. Nilitaka kufua ya shemeji, akaninyang'anya beseni. "Nguo za mume wangu nafua mimi. Ulikuja kunisaidia, hukuja kunirithi." Basi akakaa kitandani, akayakung'uta moja moja kabla ya kuyaloweka, kwa sababu nje mvua. Anasema asipoyakung'uta maji yanakuwa uji. Alikohoa mpaka macho yakamtoka. Nikamwambia ana kiburi. Akasema ni cha ukoo.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimeanza kutumia pembe ya mnyama badala ya nyundo ya jiwe. Pembe ni laini, hulibembeleza jiwe, na vibanzi vinatoka vipana na vyembamba hadi mwanga unapenya. Nilianza asubuhi, nilipoinua kichwa taa imeshawashwa. Sikusikia njaa wala mvua. Hata kikohozi cha dada sikukisikia, na sina hakika kama alinyamaza au mimi ndiye niliyekuwa mbali.

Shemeji ana oda ya makumbusho, makabati kadhaa ya kujaza kabla mvua haijaisha. Amesema baadhi ya vichwa vya mishale nitatengeneza mimi. Nimevimba kichwa kwa furaha.

Jumatatu, 24 Machi

Kuna kitu kuhusu dada, na niliposhtuka kukigundua nilikuwa nafagia. Mvua ilipoanza alikuwa anasimulia kisa kizima kwa pumzi moja, jirani, binti, mganga wa meno na mahari. Sasa anasema nusu nusu. "Chai hii." Anapumua. "Umeitia sukari." Anapumua. "Au umeionyesha tu?" Utani ni ule ule, ila umekatwakatwa. Leo hakutuchekesha kabisa juu ya ukuta. Alikuwa anasikiliza tu.

Nimemuuliza shemeji kama tumpeleke hospitali. Alikuwa anasugua ukingo, kitambaa puani, akaendelea kusugua. "Ni mvua tu hiyo. Ikiisha atapata nafuu. Kila mwaka ni hivi."

Kila mwaka ni hivi, kweli. Lakini kila mwaka sikuwapo.

Jumatano, 26 Machi

Dawa ya kikohozi imekwisha. Kesho nitakwenda kununua nyingine.

Alhamisi, 27 Machi

Nitaandika polepole.

Karibu na duka la dawa kuna kibanda cha sabuni na mkaa. Nje yake alikuwa amekaa mwanamume juu ya kreti, umri wake haufiki arobaini, amevaa sweta mbili. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka kwa kila pumzi. Akanitazama mikono, hizi alama za kukatwa na vibanzi, akaniita.

"Unapiga gumegume."

Nikamuuliza kajuaje. Akanionyesha mikono yake. Makovu yale yale, mahali pale pale. Huyu ndiye Kimya, mwanafunzi wa shemeji kabla yangu. Habari zake nilizisikia kwa juu juu: shemeji alisema alichoka na kazi akaacha. Nikamtania kidogo, nikamwambia kumbe wewe ndiye mvivu. Hakucheka, wala hakukasirika. Nadhani hasira nayo inataka pumzi.

"Sikuchoka. Niliishiwa." Akasubiri. "Mnafanyia wapi. Msimu huu."

"Stoo."

"Dirisha?"

Nikamwambia kwa majivuno, Mungu anisamehe, kwamba nimeyaziba yote mimi mwenyewe, hata upepo haupiti, kwa sababu ya kifua cha dada.

Alifumba macho. Nilidhani amepatwa na maumivu. Mama yake akatoka kibandani na kikombe cha maji, akanikata jicho, akasema nisimsemeshe sana mwanawe. Kimya akaunyanyua mkono kumzuia.

"Lile vumbi. Si kama la unga. Wala la barabarani. Likiingia halitoki. Linakata ndani kama kibanzi. Kidogo kidogo." Akapumua. "Fungua madirisha. Mtoe dada yako. Na wewe ondoka."

"Shemeji anajua?"

Hapo akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kisicho na sauti. "Nani amevaa kitambaa?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, sikumbuki njia. Nilipofika walikuwa wanacheka, shemeji stoo na mke wake kitandani, ukuta katikati. Mwanga wa taa ulikuwa unapita juu ya ukuta kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na ndani ya ule mwanga nikaliona. Lilikuwa linaelea bila haraka, linavuka ukuta na kushuka upande wa dada. Limekuwa likifanya hivyo kila siku, na mimi nimeziba lisipate pa kutokea. Nilifunika glasi yake ya maji kwa kisahani. Yeye sikumfunika.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemkabili. Nilisubiri dada apitiwe na usingizi wa mchana, nikaingia stoo, nikaondoa vitambaa dirishani, nikafungua. Mvua ikaingia. Shemeji akaniangalia, na nilivyomwona hajaniuliza kwa nini, nikajua anajua.

"Nimeonana na Kimya."

Akaweka pembe chini. Akaipangusa ngozi mapajani kwa kiganja, vumbi likainuka, akaona ninavyolitazama, akaacha.

"Mwalimu wangu alikufa kwa kifua," akasema. "Na aliyemfundisha yeye pia. Hii kazi iko hivyo, shemeji. Kila kazi ina mahali inapomla mtu. Wewe mikate haikukuchoma? Mimi nilikubali nikiwa kijana. Jiwe likikuita utafanyaje?"

"Na Kimya alikubali? Mimi nilikubali? Uliniambia kitambaa kinabana masikio!"

"Ungejua, ungekuja? Nimekaa mwaka mzima peke yangu humu. Hakuna anayetaka kujifunza. Nikifa mimi, hakuna." Sauti yake ilikuwa ile ile ya upole, ile niliyokuwa naisifu. Leo ilinitia baridi. Nikaona kwamba mtu anaweza kuwa mpole hivyo kwa sababu tu hakuna kinachomgusa kuliko jiwe.

"Sawa. Tuseme sisi ni wanafunzi, tulijileta. Na dada? Yeye ana kosa gani?"

Alikigusa kitambaa chake. Kisha akasema, "Nilidhani ukuta unatosha."

Sote wawili tukainua macho kule juu ambako ukuta haufiki. Nilitaka kumpiga. Nilikuwa na nyundo ya jiwe mkononi na nilitaka kumpiga nayo, niandike ukweli. Badala yake nilianza kulia, na yeye naye akalia, na upande wa pili dada akaamka akauliza, "Kuna nini huko." Akapumua. "Mmejikata?"

Jumamosi, 29 Machi

Hakuna jiwe lililopigwa. Nimepiga deki nyumba nzima kwa maji. Maji ya ndoo yamekuwa meupe kila mara. Dada analalamika baridi, anataka madirisha yafungwe. Sijamwambia. Namwambia daktari ndiye atasema, na Alhamisi tunakwenda.

Alhamisi, 3 Aprili

Hospitali. Walimpiga picha ya kifua. Daktari, mwanamama mwenye miwani aliyechoka tangu asubuhi, aliiweka picha kwenye mwanga akaitazama muda mrefu. Mapafu yalikuwa na madoa meupe, kama mtu aliyerusha chumvi. Akageuka.

"Nani kati yenu anapasua mawe?"

Shemeji akainua mkono polepole. Daktari akamtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama dada.

"Na wewe, mama?"

"Mimi?" Dada akatabasamu, kama mtu aliyedhaniwa ni mwingine. "Mimi nafagia tu. Na kufua."

Daktari alivua miwani. Akasema kilichokwisha kufa humo ndani hakirudi, hakuna dawa ya kukirudisha. Kilichobaki ndicho cha kulinda. Akikaa mbali na vumbi hilo anaweza kwenda nacho miaka. Akilirudia, hata kidogo, hata la kwenye nguo, hesabu itakuwa fupi. Alilisema bila kuzungukazunguka, na nilimshukuru kwa hilo.

Njia nzima dada aliikumbatia ile picha ya kifua. Tulipofika mlangoni akamuuliza mumewe neno moja.

"Ulijua?"

Shemeji akasema, "Sikujua kwamba ni wewe."

Dada akaingia ndani akaanza kukunja nguo zake.

Jumamosi, 5 Aprili

Tuko kwangu, kwenye chumba changu cha kupanga nilichokuwa nimekifunga kufuli. Kiko juu ghorofani. Dada alipumzika ngazi ya nne, na ya nane, na tena kabla ya mlango. Nguo zote tulizokuja nazo nimezitupa.

Jumapili, 13 Aprili

Shemeji kaja na dawa na matunda. Alisimama kizingitini kama mgeni. Ameapa ameacha. Mawe yote ameyatoa, amewaambia watu wa makumbusho watafute mwingine. Amekonda. Dada alimpa kiti lakini hakumpa maneno.

Jumapili, 27 Aprili

Dada leo kasema sentensi nzima bila kukata, na ilikuwa ya kunitukana, kwamba nimepika wali unaoweza kujengea nyumba. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia. Akasema nimwache, ananuka dawa.

Shemeji anakuja kila Jumapili. Wameanza kuzungumza. Nawaacha, natoka kukaa ngazini. Nawasikia wakicheka kidogo, kisha kikohozi, kisha kimya. Dada bado anampenda. Na shemeji, Mungu ni shahidi, anampenda. Sijui niuweke wapi ukweli huo.

Jumatano, 7 Mei

Mikono yangu inawasha. Usingizini naota mlio wa kibanzi kinachoachia.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda nyuma ya bekari ya zamani, pale penye bomba la maji na ukuta mrefu, hakuna apitaye. Nilikuwa na jiwe moja la gumegume. Lilibaki kwenye sufuria yangu tulipohama, na badala ya kulitupa nililivingirisha kwenye gazeti. Nyundo nayo ilikuwamo humo humo. Nilijiambia ni hewani, upepo unapita, nitalilowesha kila mara. Nikajifunga kilemba.

Nimetoa kisu. Kirefu kama kiganja, kimenyooka, mwanga unapita ndani yake kama kwenye asali. Shemeji mwenyewe angekiinua akanyamaza. Nililia kwa furaha peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikanawa uso, mikono, shingo, nikabadilisha blauzi, nikarudi nyumbani.

"Umetoka wapi?" dada kauliza.

"Sokoni."

"Na kikapu kitupu?"

Nikamwambia kila kitu ni ghali.

Sasa namwelewa shemeji, na ndicho kinachonitisha. Nilikuwa namchukia kwa raha kabisa. Leo nilipokuwa nasugua ule ukingo sikumfikiria dada hata mara moja. Sikuwa nimemsahau kwa ubaya, hapakuwa na nafasi tu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda tena.

Ijumaa, 16 Mei

Tena. Jiwe limebaki dogo. Nimejiambia likiisha basi.

Jumanne, 20 Mei

Dada kakohoa jioni, kikohozi kikavu, kile cha zamani. Kasema ni pilipili. Sikutia pilipili.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imekwisha. Jua lilitoka tangu asubuhi, watu wameanika magodoro kila kona. Shemeji kaja amevaa shati jipya, amenyoa ndevu, amekuja kumchukua mke wake. Kapaka nyumba rangi. Kafungua madirisha yote. Aliyasema hayo yote akiwa amesimama, harakaharaka, kama mvulana anayeomba ruhusa.

Dada alimsikiliza. Usoni alikuwa ameshakubali, nilimwona. Begi lake lilikuwa tayari chini ya kitanda, alilifungasha jana bila kuniambia. Shemeji akainama kulichukua, na alipoinama, dada akampitishia vidole kichwani, vile mke anavyomgusa mume aliyemkosa kwa muda mrefu. Kisha mkono ukasimama. Akauinua karibu na dirisha. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe.

Shemeji alibaki ameinama, ameshika begi.

"Ni kidogo tu," akasema mwishowe. "Ile oda. Nilikuwa nimalizie tu, mke wangu. Naapa ilikuwa imebaki kidogo."

"Liache begi," dada akasema. Sauti yake haikutetemeka. "Nenda nyumbani, mzee. Usirudi Jumapili."

Alikwenda. Nilisikia hatua zake ngazini, nzito, na chini kabisa nikasikia akikohoa. Nilikuwa na mengi ya kusema juu yake, nimeshafungua mdomo, wakati dada aliponigeukia.

"Na wewe. Njoo hapa."

Jana nilikuwa tena nyuma ya bekari. Nikasema nimeoga asubuhi.

"Sikukuuliza. Njoo hapa, inamisha kichwa."

Nikapiga magoti mbele ya kitanda. Akanifungua kilemba. Vidole vyake vilipita kwenye nywele, vikashuka nyuma ya sikio, mahali nisipofika vizuri ninapojinawia bombani, vikakaa hapo. Sikuinua uso. Nilimsikia tu akivuta pumzi, na jinsi pumzi ile ilivyokwama njiani.

"Mnanipenda," akasema. Akapumua. "Nyote wawili. Na mtanizika." Akapumua. "Nyote wawili."

Ninaandika haya chini ya ngazi, jioni imeingia. Dada kaniambia nisipande mpaka nioge mwili mzima kwenye bafu la nje, nywele kwa sabuni mara tatu, na nguo hizi nizitupe. Nimeoga. Nguo ziko kwenye pipa la taka, kisu na nyundo viko chini yake, na lori la taka linapita kesho asubuhi. Namsikia dada huko juu, anakohoa, ananyamaza, anakohoa. Ile nyundo nimeshaitoa pipani mara moja. Nimeirudisha.